Charity Asife Jukwaani

Acocks Green, Birmingham
11 Februari 2024

Kwako Wawuda, mpwa wangu na mama yangu kwa jina,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila baridi inanisumbua magoti. Mama yako alinipigia Jumapili kutoka Voi. Mvua imekataa, lakini mbuzi mmoja amezaa mapacha. Anasema kama ni lazima ukonde huko New York, ukonde kidogo kidogo, usiishe.

Barua yako ilifika. Nashukuru kwamba unaniandikia kwa karatasi. Kwenye simu nikiulizwa habari nasema nipo, halafu sina neno la pili.

Umeniomba vitu vidogo vya Anti yako Charity, vile ambavyo watu hawavisemi msibani. Nimekaa mezani tangu asubuhi nikimkumbuka mke wangu, na nimepata hivi. Alikuwa akikunja mifuko ya plastiki kuwa pembetatu ndogo ndogo, na droo ya jikoni haifungiki mpaka leo. Akishuka basi alimwambia dereva "asante baba" kwa Kiswahili, na mmoja wao, Mpunjabi, alizoea akawa anamjibu "haya mama". Akipika chai ya maziwa alisimama mbali na jiko, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, alipiga hodi kwenye kila mlango, hata kwa wale wasiosikia, na hakuingia mpaka upite muda wa mtu kujibu karibu.

Mchezo wako sijauelewa wote. Nimeelewa kwamba kwaya yetu ya Acocks Green, manesi na wahudumu wa wazee, imewekwa jukwaani na inaimba saa mbili nzima. Unasema ukifaulu utafika Broadway. Nimeulizia, nikaambiwa ndiyo fainali yenyewe. Nakuombea.

Lakini lile la mwisho nimelielewa vizuri. Umeandika kwamba Charity anasimama mbele ya kwaya na taa zinazimika akiwa bado anaimba. Hafi. Hapo nimeparudia mara nyingi. Huku kwetu ni mwaka na zaidi tangu tumsafirishe kwenda kuzikwa. Kama kuna mahali ambapo bado anaimba, hata kama ni chumba cha kukodi huko New York, paache vivyo hivyo. Ni hilo tu ninaloomba.

Mjomba wako,
Barnabas


New York
20 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima na ninakula, mwambie Mama. Baridi imeanza kulegea. Nyumba tunayoishi ina panya mmoja ambaye sote tunamheshimu.

Asante kwa pembetatu na kwa hodi. Zote mbili zimeingia.

Tumemaliza wiki ya kusoma mezani. Waigizaji hawatembei wala hawavai chochote cha jukwaani. Wanakaa na nota mbele yao, wanasoma na kuimba, na wenye pesa, wale wanaogharamia mchezo, wanakaa ukutani na kahawa zao. Tulipomaliza sehemu ya kwanza mmoja wao akauliza, "Hawa Wakenya wote walifikaje Alabama?" Mwongozaji akamwambia, "Hii si Birmingham ya Alabama, ni ya Uingereza." Yule bwana akasema, "Iko nyingine?"

Anayemwigiza Anti ametoka Ohio. Ana sauti ambayo ukiisikia unasahau kumeza. Aliniuliza, "Anti yako alitembea vipi?" Mjomba, nilikaa kwenu miaka mitatu ya chuo, kwenye kile chumba cha nyuma, nikienda naye kwaya kila Jumapili, na sikuweza kumjibu. Wewe unakumbuka?

Na lile la mwisho usiwe na wasiwasi. Hafi. Nimekuahidi.

Wako,
Wawuda


Acocks Green
2 Mei 2024

Kwako Wawuda,

Salamu kutoka kwangu na kwa Neeta, jirani yetu, yule ambaye mumewe huosha gari hata likiwa safi. Mama yako anasema wale mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri na mmoja ana tabia zako.

Nakumbuka alivyotembea. Begi lilikaa bega la kushoto, kwa hiyo upande huo ulishuka, na mguu wa kulia ulitangulia kidogo kama unaovuta mwingine. Hakuwahi kukimbilia basi. Alitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani lakini ameamua kuendelea. Mwambie huyo binti ajaribu hivyo.

Nilimsimulia Neeta habari za mchezo. Akauliza, "Na wewe nani anakuigiza?"

Nikasema sijui.

"Uliza. Wasije wakaweka mtu mnene."

Kwa hiyo nauliza.

Kazi yangu ya kuwatunza wazee inaendelea. Siku zangu za mapumziko napanda basi namba kumi na moja, ambalo linauzunguka mji wote na kuja kumalizia hapa hapa Acocks Green. Napenda kukaa juu, mbele. Jumamosi naenda Sparkhill kutafuta unga na nyama. Muuza nyama wa Stratford Road bado ananikatia ya watu wawili. Sijamwambia. Nusu naigandisha, na sasa friza imejaa.

Wambui wa kwaya anauliza mbona sionekani. Nimemwambia ni magoti.

Mjomba wako,
Barnabas


Connecticut
14 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kimya cha miezi hii yote. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mama aliniambia umemtumia kanga za Anti. Anazivaa kanisani.

Tuko kwenye mji mdogo wenye ukumbi mzuri, kwa majaribio. Mchezo haupelekwi Broadway moja kwa moja. Kwanza unapelekwa pembeni, mbele ya watu waliokata tiketi, na kila siku mnabadilisha. Asubuhi naandika, mchana waigizaji wanajifunza, jioni wanapanda jukwaani na maneno mapya mdomoni. Baadaye tunakaa na mwongozaji kuangalia ni wapi watu walikohoa. Watu wakikohoa, wimbo hauna kazi. Nyimbo tatu zimetolewa. Mmoja niliuandika kwa miezi minne na ulikoholewa wote.

Anayekuigiza si mnene. Mwambie Neeta.

Yule binti wa Ohio alijaribu mwendo uliousema. Siku ya kwanza alipotoka nyuma ya pazia akitembea hivyo, ilibidi nitoke nje kidogo.

Nimekuwekea kiti, Mjomba. Ukitaka kuja, sema, nami nitapanga safari yote.

Na jambo moja. Siku zile za hospitali, mwishoni, Anti alisema nini? Kama hutaki kujibu, acha.

Wawuda


Acocks Green
9 Novemba 2024

Kwako Wawuda,

Salamu. Majani yote yameanguka na manispaa haijayafagia, watu wanateleza mbele ya stesheni. Mama yako anakohoa lakini amekataa dawa.

Asante kwa kiti. Mpe mtu mwenye miguu mizima.

Hospitali ilikuwa safi na watu walikuwa wema. Nimesoma barua yako tena na tena, na bado najiuliza mbona unataka habari za hospitali, wakati mchezo wako hauna hospitali.

Mjomba wako,
Barnabas


Acocks Green
26 Januari 2025

Kwako Wawuda,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuzeeka. Natumaini hali ni njema. Nimekaa nikingoja jibu, nikafikiri pengine posta ya Krismasi imelipoteza.

Jumamosi Wambui alikuja na chapati. Akaziweka mezani, hakuvua hata koti.

"Barnabas, umeona ya Wawuda?"

"Ipi?"

"Gazeti la huko limeandika. Mtoto amesifiwa. Wanasema watu wanalia pale anapokufa."

"Anapokufa nani?"

Akaanza kuzifunika chapati ambazo zilikuwa zimefunikwa tayari. Kisha akasema, "Nilidhani wewe ndiye uliyempa ruhusa."

Sikasiriki, mama. Sina kifua cha kukasirika. Lakini nilikuwa nikitoka kazini najiambia, huko kwa Wawuda saa hizi anaimba. Nilikuwa nimeizoea sana hiyo saa. Ningependa kulisikia kwako kuliko kulisikia juu ya chapati.

Wasalimie wenzako.

Barnabas


New York
18 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Mama ameanza kutumia dawa. Panya wetu amekufa. Ndizo habari zote za nyumbani nilizo nazo, na zimeniishia upesi.

Nilikuahidi, na nimevunja ahadi. Nilianza barua hii mwezi wa Novemba nikaichana, na tena Desemba.

Ilikuwa hivi. Kila jioni kule Connecticut Charity alisimama mbele ya kwaya, taa zikazima akiimba, watu wakapiga makofi, wakaenda kuchukua makoti yao. Vizuri tu, kama watu waliokula wakashiba. Jioni moja mama mmoja mzee alinisubiri mlangoni. Akaniambia, "Mume wangu amekufa. Nimekaa pale ndani nikingoja mkiri. Kila mtu kwenye ule mchezo anajua kwamba yule mwanamke amekufa, isipokuwa nyinyi." Mwongozaji alikuwa amesimama karibu, akasikia. Kesho yake akasema mwisho ubadilike.

Nikaandika hospitali. Kuna kitanda, na Charity anaimba akiwa amelala, na wewe umeshika mkono wake, kwaya imevaa nyeupe nyuma ya kioo. Gazeti limesifu. Watu wanalia. Mimi nikiuona nasikia aibu, kwa sababu hakuna hata kitu kimoja pale kilichotoka kwenu. Nilikuuliza ile habari ya hospitali nikitumaini utanipa cha kweli, na nilijua kwamba ninakuibia.

Wenye pesa wanataka jaribio jingine Chicago mwezi wa Juni. Wakiridhika na mwisho, tunakwenda Broadway. Ule mwisho wa kwanza hawautaki kabisa. Kwa hiyo ukiniambia nimrudishe Charity akiwa hai, nitamrudisha, na mchezo utaishia hapo, nitautia sandukuni. Nasema kweli. Nimefanya kazi hii miaka mitano lakini Anti si wangu peke yangu.

Uamuzi ni wako, Mjomba. Sitaandika neno mpaka unijibu.

Wawuda


Acocks Green
30 Machi 2025

Kwako Wawuda,

Salamu nyingi, na pole kwa panya.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nimeipeleka kwenye basi namba kumi na moja na kuirudisha. Siku ya kwanza niliandika "mrudishe" kwenye karatasi, nikatia stempu, nikaiacha kwenye meza ya mlangoni. Imekaa pale mpaka Neeta akauliza kama nataka anipostie. Nikasema hapana, bado.

Kile kitanda kiondoe. Hakufa akiimba. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na televisheni ya mgonjwa wa pili ilikuwa inaonyesha watu wakichagua nyumba ya kununua. Mkono nilikuwa nimeushika, hiyo ni kweli. Lakini niliendelea kutazama ile televisheni kwa sababu sikujua nitazame wapi, na walipochagua nyumba nikageuka, alikuwa ameshaondoka. Sikuelewa. Nilimfunika mabega asipate baridi.

Nikwambie nilipoelewa. Hukuwepo kwenye ibada ya kumuaga hapa, ulikuwa na mitihani yako huko New York, kwa hiyo hili hulijui.

Kwaya yetu haitumii kinanda. Ukumbi tunakodi, na kinanda chao kina kufuli. Kila wimbo alianzisha Charity, na unakumbuka kwamba hakuwahi kuanzisha sawa mara ya kwanza. Anaanzia juu. Mnafika mstari wa pili mishipa imewatoka shingoni, anainua mkono. "Tumepanda mno jamani, tushuke." Mnacheka, mnaanza upya chini. Wageni walidhani ni sehemu ya wimbo.

Siku ile Wambui ndiye aliyeanzisha. Akaanzia juu. Mstari wa kwanza tukaenda naye. Wa pili nikaona watu wanatazamana. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wanapiga kelele sasa, kuimba kumekwisha. Sote tulikuwa tunangoja ule mkono. Yeyote kati yetu angeweza kuuinua. Hakuna aliyeinua. Tungeushusha wimbo ule ingekuwa kama tumesema, basi, sasa tunashuka wenyewe. Tukaimba beti zote huko huko juu, sauti zikikatika moja moja, mpaka wakabaki wawili watatu, na jeneza liko mbele yetu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Charity amekufa. Nilisimama na mdomo wazi nikangoja, na hakuna aliyetushusha.

Sijaimba tangu siku ile. Magoti yangu hayana shida kubwa.

Yule mama mzee wa mlangoni amesema kweli. Mimi pia nilikuwa nangoja mkiri, nikawa nakuomba usikiri. Chukua hili, ulitumie utakavyo. Mwache afe, lakini afe hivyo.

Ile barua ya mlangoni nimeitoa stempu. Ndiyo hii niliyoibandika hapa.

Mjomba wako,
Barnabas


Chicago
12 Julai 2025

Shikamoo Mjomba,

Mama amepona kabisa na amerudi kuwagombeza watu. Amenituma nikuulize kama umemaliza nyama ya friza.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, na majirani walipita kando yangu. Mjomba, nilikuwa kwenye kwaya ile miaka mitatu. Nilikuwa nao ule mkono. Kwenye toleo la kwanza kabisa niliuandika, kisha nikaufuta, kwa sababu wenye pesa walidhani mwigizaji amekosea. Niliufuta bila kuumia hata kidogo.

Sasa Charity anakosea mara mbili kwenye sehemu ya kwanza, na watu wanacheka. Sehemu ya pili hayupo. Hakuna kitanda, hakuna nyeupe, hakuna anayesema amekufa. Kwaya inaingia, inaanzia juu.

Kazi kubwa ilikuwa kuwafanya waimbaji washindwe. Wamesomea sauti maisha yao yote. Mmoja alimwambia mwongozaji, "Lakini nitaonekana siwezi kuimba."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, dada, mbele ya watu. Ndiko tunakofanyia kazi."

Jioni ya kwanza, wimbo ulipofika ubeti wa mwisho na waimbaji wawili tu, nilikuwa nyuma ya viti nimejishika ukutani. Ulipokwisha hawakupiga makofi. Mwongozaji akanishika mkono akidhani tumeharibu. Kisha mtu mmoja akapiga, wakasimama wote.

Tunakwenda Broadway. Tunafungua tarehe 16 Oktoba. Nimetuma video ya Chicago kwa simu ya Wambui, atakuwekea. Kiti chako kipo, safu ya nne, pembeni ili uweze kutoka ukitaka. Habari za magoti sitakuuliza tena.

Wako,
Wawuda


Acocks Green
21 Septemba 2025

Kwako Wawuda, mama,

Salamu na hongera. Habari imefika Voi kabla yangu. Mama yako ameliambia kanisa zima kwamba binti yake amefungua njia, na nadhani wengine wanaamini ni barabara.

Video nimeiona. Wambui alikuja kuniwekea kwenye televisheni, akakaa na mkoba mapajani kama tuko kliniki. Neeta naye alikuja. Yule binti wa Ohio alipoingia nilishika meza. Sikudhani mtu anaweza kufundishwa mwendo kwa barua. Huyo anayeniigiza ni kijana mzuri, ila sweta ile nisingeivaa hata nikilipwa, na Neeta anakubaliana nami.

Nimeitazama mpaka mapumziko, kisha nikawaambia inatosha kwa leo. Wambui akasema, "Sehemu ya pili ndiyo yenyewe, Barnabas. Ni nzuri mno."

Nikamwambia, "Najua. Nilikuwepo."

Tangu hapo nimeitazama hiyo sehemu ya kwanza jioni nyingi. Ya pili sijaifungua, na kwa sasa sitaifungua. Ndiyo sababu sitakuja, mpwa wangu. Nilitaka uisikie kwangu. Usihuzunike na usiseme Mjomba amekasirika. Ulifanya sawa. Ni haki watu waione, hata mimi nikikaa nje.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwaya. Nilikaa viti vya nyuma, sikuimba, ila nilisaidia kupanga viti na kuvipangua. Wamempata mwanzishaji mpya wa nyimbo, Ivan, nesi kutoka Machakos. Anatumia simu kupata sauti, anaibonyeza, inalia tii, wanaanza sawasawa kabisa. Wimbo unaisha mapema sana siku hizi.

Tarehe 16 utakuwa na watu wengi wa kukusalimia, na wapiga picha, na viatu vinavyouma. Kula kitu kabla. Mimi nitakuwa nimelala, maana nina zamu asubuhi, na wazee hawajui habari za Broadway. Sina haja ya kutajwa popote, wala usinipigie simu. Ila watu wakishakaa, taa zikishuka, kabla hawajaanza, nikumbuke.

Mjomba wako,
Barnabas